Sura ya Sita: Dawa ya Masika Hutafutwa Kiangazi

Swali moja halikosi popote Kigoma wenye mbwa na paka wanapokutana na bwana mifugo, iwe Mwanga, Gungu, Buzebazeba au Ujiji: “Mnyama wangu haumwi. Anakula vizuri, usiku analinda. Nimpeleke kwa daktari kufanya nini?”

Ni swali la haki. Fedha ya nyumbani ina kazi nyingi, na ada ya shule haingoji. Hata hivyo, swali hilo limebeba dhana kwamba kazi ya daktari huanza ugonjwa unapoanza. Kwa ng’ombe, wafugaji wengi wamekwisha kuiacha dhana hiyo. Wanaogesha kabla kupe hawajajaa na wanachanja kabla mlipuko haujafika. Kwa mbwa na paka bado tunangoja mpaka mnyama alale chini na kukataa maji. Hapo tiba huwa ghali, na mara nyingi huwa imechelewa.

Jibu la sura hii ni kwamba magonjwa mengi ya mbwa na paka katika mwambao wa Ziwa Tanganyika hufuata majira. Anayeyajua majira anajua kinachokuja, na anaweza kujipanga miezi miwili kabla. Mvuvi wa Kibirizi hangoji giza la mwezi ndipo ashone nyavu. Huzishona siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawazifuati taa. Mwenye mbwa naye ana siku zake za kushona nyavu, nazo ni za kiangazi.

Mwaka wa Kigoma na mwili wa mnyama

Mvua za Kigoma kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, zikaendelea hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo huja kiangazi kirefu. Joto la mchana halitofautiani sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni maji yaliyo ardhini, hewani na kwenye ghala la mahindi, na yakibadilika, wadudu na vijidudu wanaoishi karibu na mbwa wako nao hubadilika.

- Wakati wa kiangazi, vumbi na mchanga mkavu huleta tekenya na viroboto. Maji ya kunywa hupungua, na mbwa aliyefungwa juani huumia.
- Wakati wa mvua, nyasi hukua na kupe huongezeka. Madimbwi hujaa, panya huhamia ndani ya nyumba, nzi huzaliana, na nafaka huota ukungu.

Kichaa cha mbwa hakifuati mgawanyo huu. Wapo wanaoamini kwamba huletwa na jua kali. Kichaa huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kinachoishi na kuzaliana ndani ya chembe hai za mwili. Kirusi hicho hupita kwenye mate, hasa kwa kung’ata, na hakiangalii mwezi wala msimu.

Kiangazi: vumbi, tekenya na joto

Tekenya ni kiroboto mdogo sana. Jike lake hujichimbia kwenye ngozi, likavimba mpaka kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi, kisha likamwaga mayai mamia kupitia tundu dogo. Mayai huanguka kwenye vumbi, na huko tekenya wapya hukulia. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikwisha kuvuka bara mpaka upande wa mashariki, akisafiri kwenye nyayo za watu na misafara. Siku hizo Ujiji ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya misafara ya Afrika ya Kati.

Kwa mbwa, tekenya hukaa katikati ya vidole, pembeni mwa kucha na kwenye vifuko vya nyayo. Mbwa huanza kuchechemea na kujilamba miguu. Kwa kuwa mtoto na mbwa hukanyaga sakafu moja ya udongo, nyumba inayomtibu mtoto na kumwacha mbwa itaendelea kuwa na tekenya, na inayomtibu mbwa na kumwacha mtoto itapata matokeo yale yale. Fanya hivi:

1. Kagua miguu ya mbwa angalau mara mbili kwa wiki kuanzia Mei.
2. Nyunyiza maji kwenye sakafu na mahali anapolala kabla ya kufagia, ili vumbi lisitapakae.
3. Tekenya mmoja au wawili waondolewe kwa sindano iliyochemshwa, kisha kidonda kioshwe kwa sabuni na kipakwe dawa ya vidonda.
4. Wakiwa wengi, muite bwana mifugo. Petroli na mafuta ya taa huunguza ngozi na kumdhuru mbwa anapojilamba.

Jambo la pili la kiangazi ni joto. Mtu hupoa kwa kutoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho kidogo tu kwenye nyayo. Kazi kubwa ya kumpoza hufanywa na pumzi, ndiyo maana huhema ulimi nje. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi chini ya bati, bila upepo wala maji, hawezi kujipoza hata akihema mchana kutwa. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likizidi 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Ukimkuta anahema kwa nguvu, anadondosha mate mazito na anayumba, mpeleke kivulini. Mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, na mpe maji kidogo kidogo. Mdomo usiushike wala kuufunga, maana ndiyo njia yake ya kupoa. Kisha mtafute daktari hata kama ameonekana kupata nafuu.

*Kwa ufupi:* kiangazi kinadai kivuli, maji safi, na mkono unaokagua miguu. Ukikagua mara mbili kwa wiki, kidonda unakiona kikiwa kidogo.

Septemba ni mwezi wa sindano

Chanjo hufanya kazi namna hii. Mnyama hupewa kijidudu kilichouawa au kilichodhoofishwa, kisichoweza kumuumiza. Mwili wake hukitambua na kutengeneza kingamwili, yaani protini za kwenye damu zinazoshika kijidudu cha aina hiyo kikiingia siku nyingine. Kazi hiyo haikamiliki siku ya sindano. Huchukua wiki kadhaa. Kwa chanjo ya kwanza ya kichaa, mbwa huhesabiwa kuwa na kinga baada ya takribani mwezi mmoja. Kwa hiyo anayetaka mbwa wake aingie msimu wa mvua akiwa na kinga kamili hana budi kuanza Agosti au Septemba.

Septemba 28 kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye miaka kumi kabla alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Mwezi huo, sehemu nyingi za nchi huwa na kampeni za kuchanja mbwa. Ulizia ofisi ya kata mapema, usingoje gari la matangazo.

Kwa nini nguvu nyingi hivyo kwa ugonjwa mmoja? Kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na takribani 40 kati ya kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hucheza na mbwa, na akiumwa huweza kuficha kwa kuogopa kuchapwa.

Habari njema ni kwamba kichaa kinazuilika. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, kirusi hukosa pa kuhamia, na mlipuko huzimika. Pemba wameonyesha hivyo. Kampeni za kuchanja zilizofuatana zilikomesha kichaa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, na kwa chanjo kikakomeshwa tena. Kuua mbwa ovyo mitaani hakuleti matokeo hayo, kwa sababu mbwa wapya ambao hawajachanjwa huja kujaza nafasi ya waliouawa.

Watoto wa mbwa wana ratiba yao. Katika wiki za kwanza hulindwa na kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, na kinga hiyo huweza kuizuia chanjo isishike. Haiishi siku moja kwa watoto wote. Ndiyo sababu chanjo ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa kadhaa kwa sindano moja, huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Sindano moja peke yake huacha pengo. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, na kwenye kampeni hata wadogo zaidi huchanjwa. Paka naye achanjwe kichaa. Anang’ata, anaparura, na analala na watoto.

Kabla ya sindano, mwulize bwana mifugo chanjo ilihifadhiwa wapi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Utafiti uliofanyika Tanzania umeonyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi mitatu kwenye nyuzi 30, na hiyo ni faida kubwa kwa vijiji vya mwambao vinavyofikiwa kwa boti tu. Chanjo ya mchanganyiko haina uvumilivu huo. Ikikaa juani inakuwa maji matupu.

Kumzoesha mbwa kushikwa

Siku ya chanjo, mbwa wengi hurudi nyumbani bila sindano kwa sababu hakuna awezaye kuwashika. Hili linagusa desturi zetu. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa siku nyingi, na kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Familia inayofuata hayo inaweza kabisa kumtunza mbwa mlinzi vizuri. Awe na sahani yake, banda lake nje lililoinuliwa kutoka ardhini, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kumshika. Katika mafundisho ya Mtume kimo kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na huruma ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

Mzoeze mbwa mkanda wa shingoni na kamba tangu akiwa mdogo. Mguse miguu, masikio na kinywa mara kwa mara ili mkono wa daktari usimtishe. Hakuna gharama katika hilo, na faida yake hudumu maisha yake yote.

Masika: maji, panya na kupe

*Homa ya mgunda.* Julai 2022, Watanzania wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza, baada ya watu 20 kuugua na watatu kufariki mkoani Lindi. Huletwa na bakteria, yaani vijidudu vya chembe moja, wanaoitwa leptospira. Bakteria hao hukaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, wakatoka na mkojo na kuishi wiki kadhaa kwenye tope na maji yaliyotuama. Huingia mwilini kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo.

Tazama sasa mazingira yetu. Bonde la mto Luiche lina majaruba ya mpunga. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuingia kwenye makazi ya mwambao. Mvua zikianza, panya hukimbilia majumbani, na mbwa hunywa kwenye dimbwi lolote. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, hutapika, hukataa chakula, na macho yake huweza kuwa ya njano. Hata akipona anaweza kuendelea kutoa bakteria kwenye mkojo kwa miezi. Dawa ya kuua bakteria hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Chanjo ipo, hutolewa mara mbili kwa tofauti ya wiki tatu au nne, kisha kila mwaka. Hesabu hiyo nayo inakurudisha Agosti na Septemba. Zaidi ya hapo, fukia madimbwi ya uani, hifadhi nafaka mbali na panya, na vaa viatu unaposafisha banda.

*Parvo.* Ni ugonjwa wa kirusi uliojulikana duniani mwaka 1978, na huua zaidi watoto wa mbwa. Dalili ni kutapika na kuhara damu yenye harufu kali. Kinachoua kwa kawaida ni upungufu wa maji mwilini, kwa kuwa mbwa hupoteza maji haraka kuliko anavyoweza kunywa. Hakuna dawa inayokiua kirusi chenyewe. Daktari humwekea maji ya dripu na kuzuia maambukizi mengine mpaka mwili upambane, kwa hiyo kila saa ina thamani. Kirusi huishi miezi mingi ardhini na hakifi kwa sabuni ya kawaida. Osha sakafu kwanza, kisha mwaga dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, na uiache dakika kumi. Kama mbwa alikufa kwa parvo, usilete mtoto mwingine ambaye hajachanjwa kwenye uwanja huo huo.

*Kupe.* Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia inayowashangaza wengi: anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike likishashiba damu hudondoka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Nyumba ya matofali mabichi yenye nyufa humpa kila anachohitaji. Kupe hubeba vijidudu vinavyoharibu chembe za damu. Ukimwona mbwa ana homa, fizi zimepauka au mkojo una rangi ya kahawa, usingoje kesho.

Kuzuia kupe kunafanywa pande mbili kwa pamoja. Mbwa apewe dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa kipimo cha uzito wake, tangu wiki za mwisho za kiangazi. Nyumba nayo ikandikwe nyufa na banda lisafishwe. Kupe aliyeshika hung’olewa kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta taratibu na moja kwa moja. Kumchoma kwa moto au kummwagia mafuta ya taa akiwa ameshika kunaweza kumfanya atapike vijidudu ndani ya kidonda.

*Funza wa ngozi.* Msimu wa maembe unapoingia, yuko nzi anayetaga kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu, hasa unaonuka mkojo. Kiluwiluwi chake huingia kwenye ngozi ya mbwa na kufanya uvimbe wenye tundu dogo juu. Paka mafuta mazito ya ngozi kwenye tundu ili akose hewa. Atajitokeza, kisha umkamue taratibu bila kumpasua. Badilisha malalo ya mbwa kila wiki, na yaanike juani.

*Mbung’o na malale.* Mbwa wa wawindaji na warina asali wanaoingia miombo ya Uvinza na Kasulu wanaweza kuumwa na mbung’o, nzi anayeeneza nagana kwa wanyama na malale kwa watu. Mbwa hukonda huku anakula, hupata homa ya kurudi, na jicho lake huweza kuwa na ukungu wa buluu. Jicho hilo si la kumwagia maji ya chumvi ukasahau. Anahitaji kupimwa damu.

*Kwa ufupi:* kabla tone la kwanza halijadondoka, chanjo ziwe zimeisha, dawa ya kupe iwe imeanza, nyufa zimezibwa na mahali pa kulala pameinuliwa.

Sahani yake: dagaa, ugali na ukungu

Paka wa Kigoma wanasifiwa kwa kula vizuri kwa sababu ya ziwa. Samaki kweli ni chakula chema, na kina taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kuishi bila kukipata kwenye nyama au samaki. Lakini yapo mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng’enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki wabichi kila siku anaweza kuanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Kuchemsha kunakiondoa. Supu usiimwage. Taurini huingia kwenye maji hayo, kwa hiyo mchanganyie.

Pili, samaki wenye mafuta mengi, hasa waliokaa mpaka wakachacha, humaliza vitamini E mwilini. Mafuta ya chini ya ngozi ya paka huvimba na kuuma, naye huchukia kuguswa. Wakati wa mvua dagaa hukauka kwa shida, na wale wabovu ndio huangukia sahani ya paka. Dagaa ambao ungekataa kumpikia mtoto, usimpe paka. Wengine waoshwe mchanga kabla ya kupikwa, na chakula kibadilishwe kwa yai, utumbo uliopikwa au nyama kidogo.

Tatu, mazoea ya kitoweo kimoja huleta taabu kinapokosekana. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Katika kipindi kama hicho, mnyama aliyezoea dagaa peke yake huzurura majalalani. Mzoeze mapema vyakula vingine.

Kwa mbwa, hatari kubwa iko kwenye unga. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na ambayo haimalizwi na moto wa kupikia ugali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mbwa hana ini la chuma. Desturi ya kuchambua mahindi na kumpikia mbwa yale mabovu inapaswa kuachwa. Mbwa aliyekula sumukuvu hukataa chakula, macho huwa ya njano, na huweza kutokwa damu puani au kwenye kinyesi.

Dawa isiyo yake

Wanyama wengi huumizwa na watu wanaowapenda, kwa dawa isiyo yao. Yakumbuke haya:

- *Panadol* na dawa nyingine za maumivu za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamo kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja.
- *Dawa ya kuogeshea ng’ombe.* Nyingi ni kali mno kwa mbwa zisipopimwa na mtaalamu, na baadhi huua paka hata kwa kiasi kidogo. Dawa ya kupe ya mbwa nayo usimpake paka bila kuuliza.
- *Mafuta machafu ya injini* kwa upele. Mbwa hujilamba na kumeza sumu. Upele una dawa yake, na aina mojawapo huwaambukiza watu.
- *Vidonge vya minyoo vilivyobaki.* Kipimo hufuata uzito. Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili tangu wiki ya pili ya maisha mpaka aache ziwa, kisha kwa ratiba ya daktari. Mkubwa hupewa takribani kila miezi mitatu. Minyoo yake huwafikia watoto wanaocheza kwenye mchanga, kwa hiyo kinyesi kizolewe na kufukiwa.

Siku mtu anapoumwa

Kichaa kina sura mbili. Ya kwanza inajulikana: mbwa hukimbia ovyo na kung’ata chochote. Ya pili hupooza. Mbwa huwa kimya, taya hulegea, mate hutoka, na hawezi kumeza. Katika mji wa samaki, mwenye mbwa hudhani mwiba umekwama kooni, akaingiza mkono. Usiingize. Mbwa aliyelegea taya afungiwe peke yake, na daktari aitwe.

Mtu akiumwa au kuparurwa:

1. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Hatua hii peke yake hupunguza sana hatari.
2. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa sindano kadhaa zenye tarehe zake; zimalizwe zote.
3. Usifunge jeraha kwa dawa za majani, pilipili wala mafuta.
4. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Mbwa akikamatika, afungiwe na aangaliwe siku kumi. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong’ata. Mgonjwa asingoje siku hizo ndipo aanze chanjo.
5. Mbwa akifa, asitupwe ziwani wala jalalani. Wataalamu huweza kuchukua sampuli ya ubongo kwa uchunguzi.

Na mtoto aambiwe mapema, kabla halijatokea lolote, kwamba akiumwa na mbwa aseme, na kwamba hatachapwa.

Nani wa kumwendea

Anza na afisa mifugo wa kata. Ofisi yake huhudumia mbwa na paka kama inavyohudumia ng’ombe na mbuzi. Kwenye duka la dawa za mifugo, taja aina ya mnyama, umri na uzito wake kabla ya kutaja dawa. Daktari wa wanyama nchini husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na una haki ya kuuliza usajili wake. Tunza kadi ya chanjo ya mbwa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie mahitaji yake na asimtese.

Kutunza mbwa mmoja kuna faida inayovuka ua wako. Mwaka 1994, distempa, ugonjwa wa kirusi wa mbwa, uliua takribani simba 1,000 wa Serengeti, na mbwa wa vijiji jirani waliaminika kuwa chanzo. Hapa kwetu, vijiji vya Mwamgongo na Mtanga vimepakana na Hifadhi ya Gombe, na mbwa hufuatana na watu shambani mpaka ukingoni mwa msitu. Chanjo ya mchanganyiko huzuia distempa pia.

Ratiba ya mwaka

- *Mei hadi Julai:* kagua tekenya mara mbili kwa wiki. Weka kivuli na maji. Dawa ya minyoo. Ziba nyufa za ukuta.
- *Agosti:* anza chanjo ya mchanganyiko na ya homa ya mgunda. Ongea na daktari kuhusu kuhasi madume na kufunga uzazi majike usiotaka wazae.
- *Septemba:* chanjo ya kichaa kwa mbwa na paka wote wa nyumba. Rudio la homa ya mgunda.
- *Oktoba:* dawa ya kupe, inua banda, fukia madimbwi, panga ghala la nafaka.
- *Novemba hadi Aprili:* kagua kupe kila siku. Badilisha malalo kila wiki. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Unga na dagaa vichambuliwe.

Mnyama asiyeumwa ndiye anayefaidika zaidi na daktari, kwa sababu kwake sindano moja na dakika chache za kukagua miguu hufanya kazi ambayo dripu ya siku tano huenda isiweze kuifanya. Ikiwa unasoma sura hii kiangazi, nenda ofisi ya mifugo wiki hii na uulize tarehe ya chanjo. Ikiwa mvua zimeshaanza, nenda vilevile: kichaa hakina msimu, na mbwa aliyechanjwa Januari ana kinga zaidi kuliko anayengojea Septemba.